Shelisheli: alama nzuri, mwalimu haba

Mwaka 2000 wanafunzi wa darasa la sita katika mifumo 14 ya elimu ya kusini na mashariki mwa Afrika walipewa mtihani mmoja wa kusoma na wa hisabati. Uliandaliwa na SACMEQ, ushirikiano wa wizara za elimu ambamo wamo Kenya, Uganda, Tanzania Bara, na Zanzibar inayopimwa peke yake. Kwingine ilibidi zichaguliwe shule chache ziwakilishe nyingi. Shelisheli haikuwa na haja ya kuchagua. Shule zake za msingi zilikuwa ishirini na kitu tu, basi darasa la sita la nchi nzima likafanya mtihani.

Matokeo yalipotoka, Shelisheli ilikuwa ya kwanza kwa kusoma, wastani wa alama 582, wakati Kenya na Tanzania Bara zilipata takriban 546. Katika hisabati ilitanguliwa na Morisi na Kenya pekee. Serikali yoyote ingeweza kuyabandika matokeo hayo ukutani na kulala usingizi.

Watafiti wa Shelisheli wenyewe, akiwemo Jean Leste, hawakulala. Waliuchambua ule wastani na kukuta kwamba shule na shule hazikupishana sana. Waliopishana vibaya ni watoto wa shule moja, waliotenganishwa na ukuta tu wa darasa. Sababu ilikuwa mikondo: watoto walipangwa kwa uwezo tangu miaka yao ya mwanzo shuleni, wenye kasi huku, wazito kule, na aliyeingia mkondo wa chini hakutoka tena kwa urahisi. Mikondo ya juu ilijaa wasichana, ya chini ikajaa wavulana. Pengo kati ya wasichana na wavulana wa Shelisheli katika kusoma lilikuwa kubwa kuliko la nchi nyingine yoyote iliyopimwa. Na yote hayo yalitendeka katika nchi ambayo sera yake ya elimu ilihubiri usawa na madarasa ya watoto waliochanganyika.

Nawaheshimu sana kwa walichokifanya baadaye. Badala ya kulifunika jambo, walilitoa hadharani, wakalijadili na walimu na wazazi, na ukaanza mpango wa kuiondoa mikondo hatua kwa hatua. Sisi wa bara tunaosherehekea wastani wa mkoa au wa kaunti kila Januari tungejifunza hapo. Tanzania Bara, kwa mfano, iliipita Shelisheli kidogo katika kusoma mwaka 2007, 578 kwa 575. Ni mtoto gani aliyejificha nyuma ya ile 578?

Lakini mikondo haifutwi kwa waraka. Darasa lenye mtoto asomaye riwaya na mwenzake anayehangaika na silabi linataka mwalimu hodari kuliko darasa lililochujwa, na mwalimu hodari ndiye anayekuwa haba visiwani.

Shelisheli ina watu wapatao laki moja, wengi wao kisiwani Mahé, wachache Praslin na La Digue. Kwa fedha haiko vibaya. Benki ya Dunia inaihesabu miongoni mwa nchi zenye kipato cha juu. Shida ni hesabu ya watu. Taifa dogo linahitaji wizara yenye kila idara kama taifa kubwa: wakuza mitaala, watunga mitihani, wakaguzi, wakufunzi wa chuo, mtu wa kwenda kuketi kwenye mikutano ya kimataifa. Wote hao hutolewa katika kundi lilelile la walimu wazuri, kwa hiyo mwalimu akisifiwa, mara nyingi sifa yenyewe ndiyo inayomwondoa darasani. Hoteli na benki nazo zinamtaka kijana yuleyule aliyefaulu. Nairobi au Dodoma mwalimu wa fizikia akiacha kazi, shule inapungukiwa na mtu. La Digue, somo lenyewe linaweza kusimama hadi apatikane mwingine ng'ambo.

Ndiyo maana shule za Shelisheli zimetegemea kwa miaka mingi walimu wa kigeni, Wakenya wakiwemo. Kenya ina maelfu ya walimu waliohitimu wanaosubiri kuajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, kwa hiyo safari hiyo inaeleweka, na ninawatakia heri wanaokwenda. Hata hivyo mkataba una mwisho wake. Mwalimu anafika, anaanza kuwajua watoto na mitaa yao, mkataba unakwisha, anakuja mwingine kuanza upya. Kuna pia suala la lugha. Tangu 1982 mtoto wa Shelisheli huanza masomo kwa Krioli, lugha ya nyumbani kwao, kisha Kiingereza hushika nafasi katika masomo mengi. Mwalimu mgeni hawezi kumshushia mtoto hesabu iliyomshinda kwa lugha anayoielewa, na anayeumia ni yuleyule wa mkondo wa chini wa zamani.

Visiwa vingine vina jeraha la upande wa pili. Mwanzoni mwa karne hii Jamaika ilishuhudia mawakala wa ajira wa Uingereza na Marekani wakiwachukua walimu wake waliosomeshwa kwa kodi ya wananchi. Malalamiko ya Karibi ndiyo yaliyozaa makubaliano ya Jumuiya ya Madola kuhusu uajiri wa walimu, yaliyopitishwa Uingereza Septemba 2004. Yanataka mwalimu asing'olewe katikati ya mwaka wa masomo, haki zake ziheshimiwe aendako, na nchi atokayo isiachwe mikono mitupu. Ni makubaliano mazuri, ila hayana nguvu ya sheria, na walimu wengi wanaosaini mikataba hawajapata kuyasikia.

Umoja wa Mataifa nao umeyataja mataifa madogo ya visiwa kwa jina katika lengo lake la nne la maendeleo, ukiahidi kuongeza walimu wenye sifa kufikia 2030. Ninachokiona kuwa cha maana zaidi ni Shelisheli kufungua chuo kikuu chake mwaka 2009, kwa kuwa kabla ya hapo anayetaka shahada ilimlazimu asafiri, na si kila aliyesafiri alirudi. Sasa kijana wa Praslin anaweza kusomea ualimu bila kuvuka bahari kuu. Atakaa darasani ikiwa atapandishwa cheo na mshahara akiwa papo hapo na chaki yake, bila kulazimika kuomba meza wizarani. Na Kenya, ambayo watu wake wanakwenda kuziba pengo wakati huu, ina wajibu wa kumkabidhi kila mwalimu nakala ya makubaliano ya 2004 kabla hajapanda ndege, pamoja na mafunzo ya miezi michache ya Krioli.