Tulipoibandua saruji kwenye msikiti wa mababu

Usiku mmoja wa masika ya mwaka juzi, tukiwa katika rakaa ya tatu ya Swala ya Isha, udongo na vipande vya chokaa vilidondoka kutoka darini vikaangukia safu ya pili. Imamu hakuikata Swala. Alipotoa salamu tuliwasha tochi za simu, tukaona boriti moja imechomoka ukutani na ncha yake imeoza hata ikapondeka kwa kidole. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Lakini tangu usiku ule kina mama kadhaa waliacha kuja na watoto, na sisi wa kamati hatukuwa na jibu la kuwapa.

Msikiti wenyewe ni mdogo, katika mji mdogo wa pwani ya Lindi ambao watu wake huishi kwa korosho, ufuta na uvuvi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, unene wake wapata dhiraa moja. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na mihrabu imechongwa kwa jiwe laini la baharini. Nje kuna kisima na birika la kutawadhia. Wazee wetu hawautaji mwaka wa kujengwa kwake. Husema tu kwamba babu zao waliukuta.

Inatupasa tukiri kwamba waliouharibu ni sisi. Miaka tisa iliyopita kamati ilichangisha fedha, ikanunua saruji, na kuta zote zikapigwa lipu ndani na nje, kisha zikapakwa rangi ya mafuta. Ijumaa ile watu walitupa mikono ya pongezi. Baada ya masika ya tatu lipu ilianza kuvimba, ikawa inabanduka mapande mapande, na kila pande likitoka na ngozi ya jiwe.

Tulimwita mzee wetu mmoja, fundi aliyejifunza kuchoma chokaa kwa baba yake, atuangalizie. Alizunguka jengo lote akigonga kuta kwa ufunguo wa nyumba yake na kusikiliza sauti. Alipomaliza alisema, "Wanangu, mmemvisha mzee nailoni, kisha mkamketisha juani."

Maana yake tuliielewa baadaye. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Huvuta unyevu kutoka ardhini na huupokea wa mvua. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole, na ukuta ukakauka wenyewe wakati wa kiangazi. Saruji ni ngumu na huziba. Maji yakiingia kwa ufa mdogo hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani hukaa majimaji mwaka mzima. Ile boriti ya Isha haikuuawa na uzee. Ilioza ndani ya ukuta tuliouziba kwa mikono yetu.

Kabla hatujaamua la kufanya, ilikuja habari njema ambayo ilikaribia kutugawa. Mfadhili mmoja alikubali kutujengea msikiti mpya wa matofali ya saruji, wenye mnara na vigae, kwa sharti kwamba wa zamani uondolewe na mpya usimame mahali pake. Kikao cha usiku huo kilikwisha karibu na saa sita. Ndugu yetu mmoja mwenye elimu alikumbusha kwamba Msikiti wa Mtume (s.a.w.) hapo mwanzo ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti yake, na kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliupanua, kisha Sayyidna Uthman (r.a.) akaujenga upya kwa mawe yaliyochongwa na chokaa, na dari la mbao za msaji. Basi ubaya wa kujenga upya uko wapi?

Hoja hiyo ni ya kweli na haikustahili kupuuzwa. Lakini misikiti hupanuliwa pale watu wanapozidi. Sisi Swala ya Ijumaa huiswali katika msikiti mkubwa wa sokoni. Huu wetu siku za kawaida safu tatu hazitimii. Jambo la pili lilikuwa la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na sisi hatukujua jengo letu liko upande upi wa mwaka huo. Kamati haiwezi kubomoa kwa kunyoosha mikono jambo isilolijua umri wake. Tuliandika barua kwa afisa utamaduni wa wilaya kuomba ushauri, na tunazihimiza kamati nyingine zenye misikiti ya kale zianzie hapo kabla hazijashika sururu.

Katika kikao hicho hicho mwenzetu mmoja alizungusha simu yake yenye picha za Djenné, mji mdogo wa nchi ya Mali. Msikiti Mkuu wa huko ni wa udongo mtupu. Jengo la sasa lilisimamishwa mwaka 1907 mahali palipokuwa na msikiti wa kale zaidi, na mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1988. Kila mwaka, kabla ya mvua, mji mzima huukandika upya. Udongo wa mtoni huchanganywa na makapi ya mpunga na kuachwa uchache. Vijana huubeba kwa vikapu mbio mbio, wanawake na mabinti huleta maji, waashi hupanda kwa vijiti vya mvumo vilivyoachwa vimechomoza ukutani, na wazee huketi wakiangalia nani anakosea. Hata hivyo udongo una mipaka yake: mwaka 2009, baada ya mvua kubwa, sehemu ya juu ya mnara mmoja wa upande wa kibla iliporomoka. Uliinuliwa tena. Picha zile hazikutoa fatwa, ila zilitubadilishia swali. Tulikuwa tukiuliza ni dawa gani itupiwe jengo mara moja tupumzike, kumbe majengo ya namna hii hayana siku ya kupumzika.

Na hatukuhitaji kwenda Mali kulijua hilo. Jirani zetu wa Kilwa Kisiwani wameliishi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ambayo wakazi wenyewe waliishiriki.

Tulimwomba mfadhili atujengee madrasa kiwanja cha pili, msikiti tuutengeneze wenyewe. Hakukubali, na fedha zile zilikwenda mji mwingine. Wapo waumini ambao hadi leo hawajatusamehe, na hatuwalaumu.

Jumamosi ya kwanza ya kujitolea walijitokeza watu 42. Jumamosi ya nne walikuja 7. Tulikasirika, tukataka kusoma majina baada ya Swala, mpaka fundi akatuuliza kama tunawajua wasiokuja wanakula nini siku hizo. Wengi ni vijana wa bodaboda, na Jumamosi ni siku ya gulio. Tukahamishia kazi asubuhi baada ya Alfajiri hadi saa 3, na idadi ikarudi. Tukaafikiana pia kwamba fundi mwenyewe alipwe ujira wake kamili. Kujitolea kwetu hakumlazimu mzee wa watu afanye kazi bure.

Kina mama tuliwaandikia kupika. Wiki ya pili mmoja wao alisimama nyuma ya pazia akasema, "Kaka zetu, ule upande wetu unavuja tangu tukiwa wasichana. Mtautengeneza lini?" Hatukuwa tumeuweka hata kwenye orodha. Mtume (s.a.w.) alimkosa mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti wake, akauliza, akaambiwa amefariki, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia. Hadithi hiyo tumeisoma mara nyingi darasani. Upande wa wanawake ukawa wa kwanza kutengenezwa, na wao ndio waliochekecha mchanga, wakachota maji kisimani na kulowesha magunia ya kufunika lipu mbichi ili isipasuke kwa jua. Upishi walitugawia zamu. Chai ya kamati, wapendwa wasomaji, haikusifiwa na mtu.

Chokaa tuliichoma wenyewe. Mawe tuliyanunua machimbo ya nchi kavu, kwa kuwa matumbawe hai ya baharini hayaguswi. Magogo hupangwa duara, mawe juu yake, na tanuu huwaka usiku kucha. Mawe yaliyoiva humwagiwa maji yakachemka yenyewe na kuwa unga, kisha chokaa hulazwa shimoni kwa miezi. Vijana waliotaka kumaliza kazi kabla ya msimu wa korosho hilo liliwaudhi kuliko jua na mizigo.

Wazazi watahadhari hapa. Kijana wetu mmoja alijifuta jasho kwa mkono wenye chokaa ikamwingia jichoni. Tulimwosha kwa maji mengi ya birika na kumkimbiza zahanati. Jicho lilipona, lakini hofu ya siku ile bado tunayo. Tangu hapo watoto hawakaribii shimo. Wao hupewa kuokota kokoto, kupanga mawe na kufagia.

Saruji imeshabanduliwa kuta tatu, na boriti 5 zimebadilishwa. Ukuta wa kibla bado. Hapo saruji imeshikamana na nakshi za mihrabu, na mara ya kwanza tulipojaribu ua moja la jiwe lilikatika. Fundi alilifunga kwenye leso yake, akatuambia tusiguse tena mpaka ukuta ukauke kiangazi kizima. Wapo wanaosema anavuta muda. Anao wanafunzi wawili sasa, mmoja dereva wa bodaboda, na tumewataka wajifunze kugonga ukuta kwa ufunguo kabla hawajashika mwiko.

Desturi ya mama zetu ya kuupaka msikiti chokaa kila Shaabani, ambayo ilikufa tulipoleta rangi ya mafuta, tumeirudisha. Shimo la mwaka huu limeshafunikwa. Litafunguliwa Jumamosi ya pili ya Shaabani baada ya Alfajiri, na kila nyumba imeombwa ndoo moja na mtu mmoja.