Je, Wajua? Kitabu cha Kliniki Kabla ya Kengele

Je, wajua kwamba virusi vya surua hukaa hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani? Mtoto ameshapelekwa nyumbani, na wenzake bado wanavivuta. Mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga.

Je, wajua dozi ya chanjo inayosahaulika? Ya miezi 18. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9: zote mama amezikumbuka. Kisha mtoto anaanza kutembea, hana homa, na kitabu kinaingia kabatini. Lakini dozi ya kwanza ya surua, ikitolewa akiwa na miezi 9, hukinga watoto wapatao 85 kati ya 100. Hao 15 waliobaki hawajulikani kwa kutazamwa, ndiyo maana kila mtoto hurudi kwa dozi ya pili, hiyo ya miezi 18. Tafadhali mzazi, fungua kitabu hicho leo.

Kisha kuna kuhama. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Wengi ni wapangaji, na kuhama ni jambo la kawaida. Ukitoka Makongeni, Thika, kwenda Kihunguro, Ruiru, usikifungie kitabu cha kliniki kwenye katoni pamoja na sufuria, kibebe mkobani. Kliniki yoyote ya serikali itaendelea kutoka kilipoishia, bila malipo. Dozi zilizokwisha kutolewa hazirudiwi.

Je, wajua kuna chanjo za umri wa shule? Wasichana wa miaka 10 huchanjwa dhidi ya virusi vya HPV, vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Kenya ilianza Oktoba 2019. Julai 2025 ikafuata ya homa ya matumbo, kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Na je, wamjua Ali Maow Maalin? Alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Mwaka 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye akazunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi wawape watoto chanjo ya polio, akiwasimulia kosa lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013, angali katika kazi hiyo.