Panga Jema Huchaguliwaje?

Kando ya Ziwa Victoria, katika Manispaa ya Ilemela, panga ni zana isiyopumzika. Wavuvi waendao dago, yaani kambi za muda za uvuvi, hulitumia kukata fito za vibanda, kusafisha matete na kuandaa kuni. Wakaushaji wa samaki nao hulihitaji, hasa kwa sangara, ambaye kwa wingi wa mafuta yake hawezi kukaushwa juani kwa urahisi kama dagaa, bali hubanikwa kwa moshi. Vijana wa skauti wapigapo kambi vilimani, panga huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufungashwa.

Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua panga kwa macho tu: lililo kubwa, lililo zito, au ling'aalo kuliko mengine. Siku chache baadaye makali yamepinda, mpini umelegea, na kiganja kimejaa malengelenge. Baya zaidi ni panga linalochomoka katika mpini wakati wa pigo, kwa kuwa huruka likiwa na nguvu yote liliyopewa na mkono, na aliye karibu hana pa kukimbilia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubora wa panga hautegemei ukubwa wake. Unategemea mambo matatu ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia na kemia anaweza kuyapima: jinsi uzito ulivyogawanyika, jinsi chuma kilivyotiwa matiko, na jinsi mpini ulivyofungwa.

UZITO NA MWENDO

Tuanze na nguvu ya pigo. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwa wepesi wa hesabu tuchukulie kwamba panga lote lina kasi moja. Panga la gramu 500 lipigalo kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde lina nishati ya jouli 25. Sasa tuchukue panga la gramu 700. Kama mkono ungeweza kulipeleka kwa kasi ileile, nishati ingekuwa jouli 35. Lakini mkono huchoka. Kasi ikishuka hadi mita 8 kwa sekunde, nishati itakuwa jouli 22.4 tu, yaani pungufu ya ile ya panga jepesi. Ndiyo maana panga zito lipendezalo dukani asubuhi huonekana butu kambini jioni, ingawa makali yake hayajabadilika.

Hii haina maana kwamba panga jepesi ndilo bora kwa kila kazi. Matete na nyasi ndefu hazisimami imara, zikiguswa hulala. Kuzikata kwahitaji kasi kubwa na kengee jembamba lenye makali mororo. Fito za mkaratusi zenye unene wa kidole gumba hadi kifundo cha mkono zahitaji panga la unene wa kati, ambalo uzito wake umesogea kidogo kuelekea ncha. Gogo lipitalo unene huo si kazi ya panga tena. Hapo lichukuliwe shoka, ambalo uzito wake wote umekusanyika mahali papigapo. Mtu anayelazimisha panga lifanye kazi ya shoka hupoteza nguvu zake na kuharibu zana.

Unene wa kengee una siri yake. Ukakamavu wa bamba la chuma hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Bamba la milimita 3 huwa kakamavu zaidi ya mara 3 kuliko la milimita 2, ingawa uzito wake umeongezeka kwa nusu tu. Kwa hiyo tofauti ya milimita moja, ambayo jicho laweza kuipuuza, huamua kama kengee litatikisika au litatulia ndani ya mti.

KITOVU CHA PIGO

Kila aliyewahi kukata kuni anafahamu kwamba yapo mapigo ambayo hayasikiki mkononi kabisa, na yapo yanayotikisa mkono hadi begani. Sababu ni kwamba kila kitu kirefu kishikwacho upande mmoja kina sehemu moja iitwayo kitovu cha pigo. Mti ukigongwa na sehemu hiyo, mkono haupati mshtuko. Ukigongwa karibu zaidi na ncha au karibu zaidi na mpini, mpini husukuma kiganja. Kwa fimbo yenye unene sawa kote, kitovu hicho kipo kwenye theluthi mbili za urefu, kuanzia mahali inaposhikwa. Kwa panga lenye tumbo pana karibu na ncha, husogea mbele zaidi.

Mwalimu anaweza kulipima jambo hili darasani bila chombo cha gharama. Makali yafungwe kwanza kwa gunia jepesi au kitambaa kinene. Panga litundikwe kwenye msumari kwa tundu la mwisho wa mpini, kisha lisukumwe kidogo libembee kuelekea upande wa makali na kurudi upande wa mgongo. Pembeni yake litundikwe jiwe dogo kwa uzi. Urefu wa uzi ubadilishwe hadi jiwe na panga vibembee pamoja bila kimoja kumtangulia mwenziwe. Urefu kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe ndio umbali wa kitovu cha pigo kutoka tunduni. Ukiwa sentimita 40, mibembeo 20 kamili itachukua sekunde 25 hivi. Kwa kuwa mkono hushika mbele kidogo ya tundu, jibu hili ni makadirio, lakini latosha kulinganisha mapanga mawili. Lile ambalo kitovu chake kipo kwenye sehemu unayokusudia kukatia ndilo litakalouhurumia mkono wako.

CHUMA NA MATIKO

Jambo la pili ni chuma chenyewe. Chuma kisicho na kaboni ya kutosha ni laini. Hata kikichomwa na kuzamishwa majini hakipati ugumu wa maana. Kinachofaa kwa panga ni feleji, yaani chuma kilichochanganyika na kaboni kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.8. Springi za bapa za magari zimo katika kundi hili, na ndiyo sababu wahunzi wengi wa Tanzania huzitafuta kwenye vyuma chakavu.

Lakini msomaji asidanganyike na maneno "panga la springi". Mhunzi aichomapo springi makaani na kuifua juu ya fuawe, ugumu wake wa kiwandani hupotea. Kinachobaki ni kaboni tu, ambayo ni uwezo wa kupata ugumu mpya. Sharti kengee lichomwe tena hadi lipite kidogo joto ambalo sumaku huacha kulivuta, yaani nyuzi 770 za Selsiasi, kisha lipozwe ghafla, hasa katika mafuta. Hapo huwa gumu mno na huvunjika kama kigae. Kwa hiyo lazima lipashwe moto tena kwa upole. Chuma kilichosuguliwa kikang'aa huonyesha joto lake kwa rangi: manjano ya majani makavu kwenye nyuzi 220 hivi, zambarau karibu na 275, na buluu karibu na 300. Kwa panga la kukatia miti, zambarau kuelekea buluu ndiyo ifaayo, kwani chuma hupunguza ugumu kidogo na kupata ustahimilivu mwingi.

Elimu hii si ngeni katika nchi za ziwa hili. Kule Katuruka, mkoani Kagera, wataalamu wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science maelezo ya uyeyushaji wa Wahaya, baada ya wazee waliokumbuka kazi hiyo kujenga upya tanuri na kuiwasha. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Ubungo Farm Implements, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilitengeneza majembe na mapanga kwa wingi. Kilichobadilika toka tanuri la udongo hadi kiwanda ni wingi wa kazi. Kanuni ya kaboni na moto imebaki ileile.

KULIJARIBU DUKANI

Kwa idhini ya mwenye duka, mnunuzi afanye majaribio manne. Kwanza, alitazame panga kwa urefu kama fundi seremala atazamavyo ubao, kuona kama limenyooka. Pili, alining'inize na kuligonga bapa kwa ukucha wa chuma au ufunguo. Mlio mrefu ulio wazi ni dalili njema; mlio uliokufa waweza kuonyesha ufa au mpini uliolegea. Tatu, aukaze mkono na kulipinda kidogo. Lililotiwa matiko vema hurudi lilivyokuwa, na laini hubaki limepinda. Nne, apitishe tupa mara moja kwenye makali karibu na mpini. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu kupita kiasi. Ikizama kama katika risasi, ni laini mno. Panga jema huikubali tupa kwa shida kidogo.

Mpini nao ukaguliwe kwa makini. Chuma kiendelee ndani ya mpini hadi mwisho wake, na kishikwe kwa ribiti zisizopungua tatu. Mpini wa mti hunywea wakati wa kiangazi, na ribiti hulegea. Wa plastiki haunywei, lakini huteleza mkononi mwenye maji au mafuta ya samaki. Mpini unaocheza, hata kidogo, haufai kununuliwa.

MATUNZO KATIKA NCHI YA MIAMBA

Mwanza ni nchi ya miamba ya matale, na matale yana madini ya kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi ni 7, ambapo feleji ya panga haifiki hapo. Pigo moja likigonga mwamba, mwamba ndio ushindao. Kwa hiyo kuni zikatiwe juu ya gogo, kamwe zisikatiwe juu ya jiwe wala ardhini, kwani mchanga nao ni kwatzi iliyosagika.

Wakati wa kunoa, pembe ya nyuzi 22.5 kila upande yatosha kwa miti. Kuipata ni rahisi: kunja pembe mraba ya karatasi mara mbili. Mti upigwe kwa mshazari, kwani pigo la mshazari huingia kati ya nyuzinyuzi, wala halizikati zote kwa mkabala. Anayepasua kijiti kwa kugonga mgongo wa panga atumie rungu la mti, si jiwe. Kazi ikiisha, kengee lifutwe na kupakwa mafuta, kwa maana unyevu wa ziwa huleta kutu.

Hatimaye, panga kali lisiwe sababu ya kukata ovyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ziwezazo kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mizizi ya mimea ya ufukweni ndiyo izuiayo udongo usiingie majini. Mwenye panga jema hukata kwa pigo moja kile alichokikusudia, na kuuacha mti wa pili umesimama.