Kishikio cha Abiria wa Pikipiki

Abiria wa pikipiki hana usukani mkononi, wala hajui ni lini dereva atakanyaga breki. Usalama wake hutegemea mambo matatu: kiti anachokalia, mahali anapokanyaga, na kitu anachokishika. Pikipiki kubwa za safari ndefu aghalabu huwa na vishikio viwili kandokando ya kiti cha nyuma. Pikipiki nyingi za bodaboda zina keria tu, na abiria hujishikiza hapo.

Vishikio vya dukani vikiwa ghali, mwenye pikipiki huenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jambo hilo si baya. Kilicho kibaya ni kishikio kinachong'aa kwa rangi ilhali hakina nguvu, kwa maana abiria hukiamini, nacho humwangusha saa ile ile anayokihitaji.

Kani inayomvuta abiria

Mwaka 1687 Isaac Newton alichapisha kanuni zake za mwendo. Kwa kanuni hizo, kitu hubaki katika hali yake, ama ya kutulia ama ya kwenda, mpaka kani ikilazimishe kubadilika. Pikipiki inapoondoka ghafula, mwili wa abiria hubaki nyuma. Inapofunga breki, mwili huendelea mbele.

Tuchukue abiria wa kilo 70. Pikipiki ikitoka katika kutulia na kufikia kilomita 36 kwa saa katika sekunde 4, mchapuko ni meta 2.5 kwa sekunde ya mraba, na kani inayohitajika kumchukua abiria ni nyutoni 175. Ikiwa inakwenda kilomita 54 kwa saa, kisha ikasimama katika sekunde 3, kani hufikia nyutoni 350, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 35 hivi. Sehemu ya kani hiyo huchukuliwa na msuguano wa kiti, na iliyobaki huangukia mikono. Zaidi ya hayo, gurudumu likiruka shimo, abiria hurushwa juu, na kishikio huvutwa kuelekea juu.

Ndiyo sababu Jumuiya ya Ulaya, katika agizo lake la mwaka 1993, ilitaka vishikio vikiwa viwili, kila kimoja kistahimili mvuto wa wima wa nyutoni 1000 bila kuvunjika. Huo ni kama uzito wa mifuko miwili ya saruji ya kilo 50.

Bomba au nondo?

Wengi hudhani chuma kilichojaa ndicho bora. Hesabu yaonyesha vingine. Bomba la kipenyo cha milimita 25, lenye unene wa milimita 2, lina uzito wa kilo 1.1 hivi kwa kila meta. Chuma kilichojaa cha kipenyo hicho hicho kina kilo 3.9. Hata hivyo bomba hilo lina nusu ya ugumu wa chuma kile dhidi ya kupindwa. Kwa hiyo, kwa chini ya theluthi ya chuma, mnunuzi hupata nusu ya nguvu. Sababu ni kwamba chuma kilicho katikati hakifanyi kazi kubwa kitu kinapopindwa. Kazi huwa kwa kilicho pembeni. Ncha za bomba zizibwe, maji yasiingie na kuleta kutu ndani.

Mahali pa kufungia

Kishikio kilichofungwa vibaya ni wenzo unaong'oa boliti zake. Ikiwa boliti mbili zimeachana sentimita 10, na abiria anavuta juu kwa nyutoni 350 sentimita 30 nyuma ya boliti ya nyuma, boliti ya mbele hupata kani ya nyutoni 1050. Mkono ukisogezwa mpaka sentimita 10, kani hiyo hushuka hadi nyutoni 350. Hivyo kishikio kiwe karibu na kiti, na kifungwe kwenye matundu ya fremu yaliyotengenezwa kiwandani, si kwenye plastiki. Fremu yenyewe isichomelewe ovyo, kwani joto kali huweza kudhoofisha chuma chake.

Mtikisiko wa barabara pia huchosha chuma. Ufa huanza mdogo kama unywele, mara nyingi kando ya maungio. Basi dereva apitishe kitambaa na jicho hapo mara kwa mara, na akaze nati.

Jaribio la darasani

Wanafunzi walaze karatasi juu ya vitabu viwili vilivyoachana sentimita 20, kisha waweke kifutio katikati, karatasi itainama. Waizungushe karatasi ile ile iwe bomba, waifunge kwa uzi, na waning'inize mizigo midogo katikati yake, wakiiongeza kidogo kidogo. Watakachokiona kitawaeleza kwa nini fundi mwenye elimu huweza kutengeneza kishikio imara kwa fedha kidogo.