Darubini Ikipata Joto, Tazama Mizani Kabla ya Feni

Jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaabani, macho ya watu wa Mombasa huelekea magharibi. Mwezi mwandamo huwa mwembamba kama unywele, nao haukawii: jua likisha kuchwa hubakia muda mfupi tu, kisha nao hutua. Mwenye darubini ya mota huona amepata msaidizi. Lakini si mara moja wala mbili kisanduku cha umeme huwaka moto saa hiyo hiyo, mota ikagoma, na darubini ikaacha kufuata. Ndugu msomaji, jambo hili lina sababu zake, na moja katika hizo imetokana na mahali tulipo.

Tuchukue mfano wa Kibarani, penye maji ya Makupa, mlangoni mwa kisiwa. Zamani palijulikana kwa jaa la taka, likafungwa mwaka 2018. Na mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa. Mtu akitaka kusimamisha darubini huko, kwanza aijue kazi ya mota. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, ndipo nyota zikaonekana zinakwenda. Mota huigeuza darubini polepole ili izifuate. Na ili mota moja itoshe, mhimili wa kitako sharti uelekezwe kwenye ncha ya mbingu.

Hapo ndipo penye mkasa. Mtu wa London huuinua mhimili wake digrii 51 na ushei. Sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta, kwa hivyo ncha yetu iko digrii 4 tu juu ya upeo wa macho, na mhimili hukaribia kulala kabisa. Vitako vingi vya aina hii vimeundwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, havikubali kuinama hivyo. Mwenyewe hutia kabari chini ya miguu, uzito wa kusawazisha ukagonga mguu, mizani ikapotea. Mota ya kawaida ikilemewa huvuta umeme zaidi. Na umeme ukizidi maradufu katika waya ule ule, joto huwa mara nne.

Basi kabla ya kununua feni, fuata utaratibu huu.

Kwanza, legeza vifungo na uiachilie darubini taratibu. Ikianguka upande mmoja, sogeza uzito mpaka itulie popote uiachapo. Pili, tazama gia: grisi iliyoganda, mchanga, au meno yaliyobanana mno huitesa mota.

Tatu, pima umeme. Chombo cha volti 12 kisipewe chaja ya kompyuta ya volti 19. Hata volti 12 zenyewe, zikishushwa kuwa 5 kwa kifaa cha namna ya kale, zile 7 zilizobaki hugeuka joto: kwa ampea moja ni wati 7, za kutosha kuunguza kidole. Nne, kagua viungo vya waya. Hewa yetu ya chumvi huila shaba ikageuka kijani, na kiungo kibovu hupata moto.

Mwisho, weka kisanduku kivulini tangu alasiri, na ubandike kipande cha aluminiamu cha kupozea juu ya sehemu yenye joto. Feni iwe ya mwisho, maana huvuta chumvi ndani. Ukisikia harufu ya kuungua, kata umeme papo hapo. Fyuzi isikosekane. Na mota zile ziendazo kwa hatua huwa na vuguvugu hata zikisimama. Hilo si ugonjwa.

Jambo moja zaidi: usielekeze darubini magharibi kabla jua halijazama. Jicho likiungua halina fundi.

Tarehe 2 Agosti 2027, inshaallah, jua litapatwa. Makka litafunikwa lote, na huku kwetu kwa sehemu. Siku hiyo darubini haitazamwi jua bila ya kichujio maalumu mbele ya kioo chake. Muda upo wa kutengeneza vyombo. Wanazuoni wana kauli zao juu ya kuuona mwezi kwa darubini, nasi tunawaachia wao. Lakini anayetaka kutoa ushahidi wa alichokiona, chombo chake na kiwe kimesawazishwa kabla ya adhana ya magharibi.