Kustaafu juu ya magurudumu: Raha na karaha za wazee wa Marekani wanaofanya vibarua mbugani

KUSTAAFU, kwa wengi wetu humu nchini, ni kurudi nyumbani. Mtu huaga mji, akaenda mashambani kutunza mifugo na kuwaona wajukuu wakikua.

Nchini Marekani kuna wazee wanaofanya kinyume cha hayo. Mume na mke huuza nyumba waliyoilipia kwa miaka 30, wakawagawia watoto samani, wakanunua trela lenye kitanda, jiko na choo, kisha wakalivuta kwa pikapu kuelekea mbuga iliyo mbali na kwao. Huko huegesha, wakafanya kazi ya msimu mmoja na kuondoka baridi inapobisha hodi.

Kwa mtazamaji, maisha hayo ni likizo isiyokwisha. Hata hivyo, wanaoyaanza kwa dhana hiyo hutanabahi upesi kwamba kodi ya nyumba waliyoikimbia sasa wanailipa kwa jasho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbugani, jembe hukabidhiwa mgeni siku anapowasili.

Ili kuelewa kwa nini wazee hawa wanatafutwa, tuangalie mbuga ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka 1872. Mnamo 2021 iliandikisha zaidi ya ziara milioni 4.8, nyingi zikiwa katika miezi michache ya joto. Kuanzia mapema Novemba hadi katikati ya Aprili, barabara zake nyingi hufungwa kwa magari ya kawaida kwa sababu ya theluji.

Kwa hivyo hoteli, maduka na kambi za mbugani huhitaji watu wanaokuja na jua na kuondoka nalo. Wanafunzi wa vyuo hujaza baadhi ya nafasi hizo, lakini wengi wao hurejea masomoni Agosti, kabla watalii hawajaisha. Mstaafu anaweza kukaa hadi Oktoba. Zaidi ya hayo, huja na nyumba yake, na hivyo kumwondolea mwajiri mzigo wa kumtafutia malazi.

Kazi zenyewe ni za aina mbili. Kuna zile za kujitolea, ambazo katika mbuga za serikali kuu zilipewa msingi na sheria iliyotiwa saini mwaka 1970. Maarufu zaidi ni ile ya mwenyeji wa kambi. Huyu hupokea wageni, huwaonyesha mahali pa kuegesha, huzoa majivu ya moto, husafisha vyoo na kuwakumbusha wenye kelele kwamba usiku umeingia. Hana mamlaka ya polisi. Mgeni akiwa mkaidi, kazi yake ni kumwita askari wa mbuga.

Mwenyeji huyo halipwi mshahara. Anachopata aghalabu ni uwanja wa kuegesha trela bila malipo, pamoja na maji na umeme. Aina ya pili ni vibarua vya mshahara katika kampuni za kibinafsi zenye kandarasi ya kuendesha hoteli, mikahawa na maduka. Hapa mzee aliyekuwa mhasibu huweza kujikuta akikunja mashuka au kuuza aiskrimu, tena chini ya msimamizi wa umri wa mjukuu wake.

Lakini kabla ya kazi kuna trela, na hapo ndipo mitihani ya kwanza huanza. Trela la kuvutwa haliendeshwi kama gari. Dereva akitaka mkia wake uende kulia anaporudi nyuma, sharti azungushe usukani kushoto. Wenye uzoefu huwafunza wageni washike usukani upande wa chini. Hapo mkono ukienda kulia, trela nalo huenda kulia. Ndoa nyingi hupimwa hapa, mmoja akiwa kwenye usukani na mwingine nje akipunga mikono.

Hatari kubwa zaidi ni mizigo. Kanuni inayofuatwa ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa iegemee kiungo kinacholiunganisha na gari. Trela la kilo 3,000, basi, linapaswa kukandamiza kiungo hicho kwa kilo 300 hadi 450. Vitu vizito vikirundikwa nyuma, trela huanza kuyumba barabarani kama mkia wa samaki na laweza kupindua gari linalolivuta. Likianza kuyumba, dereva hushauriwa asikanyage breki ya gari kwa ghafla, bali aondoe mguu kwenye mafuta na kufunga breki za trela kwa kidhibiti cha mkono.

Halafu kuna suala la maji machafu, ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Trela huwa na matangi mawili: moja la choo na jingine la maji ya bafu na vyombo. Mgeni wa mambo huacha koki ya tangi la choo wazi siku nzima, maji yakatoka na uchafu ukabaki na kukauka humo. Utaratibu ufaao ni kuifunga hadi tangi likaribie kujaa, kumwaga la choo kwanza, kisha la bafu ili lisafishe mpira.

Usiku wa kwanza mbugani nao una mafunzo yake. Sehemu kubwa ya Yellowstone iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribia kile cha Nyahururu, ila iko mbali sana na ikweta. Hata Juni maji huweza kuganda ndani ya mpira. Chakula hakiachwi nje kwa sababu ya dubu. Sheria inamtaka mtu akae umbali wa mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa-mwitu, na mita 23 kutoka kwa nyati na wanyama wengine wakubwa. Na ni nyati hao, wanaoonekana wapole kama ng'ombe wa zizini, ambao wamejeruhi watu wengi zaidi mbugani humo kuliko mnyama mwingine yeyote.

Je, hesabu za pesa zasemaje? Januari 2025, malipo ya wastani ya uzeeni kutoka hazina ya serikali kuu yalikuwa takriban dola 1,976 kwa mwezi kwa mfanyakazi mstaafu. Mtu anaweza kuanza kuyachukua akiwa na miaka 62, lakini aliyezaliwa 1960 au baadaye akifanya hivyo hukatwa asilimia 30 maishani, kwani umri wake kamili ni 67. Aidha, anayepokea malipo hayo mapema huku akifanya kazi huzuiliwa dola moja kwa kila dola mbili anazopata juu ya kiwango fulani, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 23,400.

Matibabu ni kizungumkuti kingine. Bima ya serikali kwa wazee huanza mtu anapotimiza miaka 65. Aliyestaafu akiwa na 62 hana budi kujilipia bima kwa miaka mitatu. Hata baada ya hapo, baadhi ya mipango ya bima hiyo inayoendeshwa na kampuni za kibinafsi hutegemea madaktari wa eneo moja, jambo lisilomfaa mtu ambaye makao yake hubadilika kila msimu.

Si wote waliochagua maisha haya kwa kupenda mandhari. Mwanahabari Jessica Bruder alichapisha mwaka 2017 kitabu kiitwacho Nomadland, kuhusu wazee waliosukumwa barabarani na ukata, wengine baada ya msukosuko wa kifedha wa 2008. Filamu iliyotokana nacho ilishinda Oscar ya filamu bora Aprili 2021, na baadhi ya wahamaji halisi waliigiza humo.

Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwenye trela la kazi huwa ameunganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida hutenganishwa: paa na ajira. Mke akivunjika mguu Julai, au mume akapatwa na maradhi ya moyo, hawapotezi kazi tu. Uwanja wenyewe uliambatana na saa za kazi, na mwingine anausubiri. Trela nalo, tofauti na nyumba, hupungua thamani kila mwaka, hivyo aliyeuza nyumba ili alinunue hawezi kuligeuza kuwa nyumba tena.

Ndiyo maana wakongwe wa maisha haya huwashauri wanaoanza wasiuze nyumba mwaka wa kwanza, bali waipangishe. Huwahimiza wafanye msimu mmoja tu kwanza, na wapate majibu ya maswali haya kwa maandishi: Ni saa ngapi kwa wiki, na ni za kila mmoja au za wawili kwa pamoja? Umeme na gesi ni juu ya nani? Mmoja wetu akiugua, tuna siku ngapi za kuondoka?

Swali la mwisho ni lile ambalo wanandoa huulizana wenyewe, trela likiwa bado uani: mmoja wetu akitangulia mbele ya haki, atakayebaki ataweza kulivuta peke yake, na atalipeleka wapi? Walio na jibu huifurahia mbuga. Wasio na jibu heri wabaki kwanza nyumbani, waketi na kushauriana.