Bela, mchoraji wa vidole

Ukisimama Nyalukemba mangaribi ukaangalia ziwa Kivu, maji si ya buluu tu. Kuna kijani, kuna zambarau, kuna na dhahabu pale jua linapogusa. Kule Ufaransa, Claude Monet (1840–1926) na wenzake waliliona jambo hilo. Waliweka rangi kandokando bila kuzichanganya sana, jicho la mwenye kuangalia lizichanganye lenyewe.

Kongo yetu nayo ilipata mtu wa vitone vya rangi: Bela. Alitoka mbali, upande wa Chad, akafika Élisabethville, leo Lubumbashi, akiwa mtumishi wa Mfaransa Pierre Romain-Desfossés. Mwaka 1946 bosi huyo alifungua karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Mtumishi naye akaanza kuchora. Hakushika pinso: alichovya vidole katika rangi, akapiga kitone juu ya kitone, mpaka samaki, ndege na majani vikatokea.

Je, alimuiga Monet? Hapana. Romain-Desfossés hakutaka wachoraji wake waige picha za Ulaya. Kila mmoja aangalie vitu vya kwao, achore kwa namna yake. Mwaka 2015, picha za Bela zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo.

Basi mtoto wa Nyalukemba asiye na pinso asiseme hawezi kuchora. Vidole anavyo, na ziwa liko mbele yake.